Kikohozi kikavu wiki ya sita: tangawizi, asali na boksi la dawa ya presha

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 44, naishi Tabata, asubuhi napika vitumbua na chapati za kuuza. Mwisho wa mwezi wa sita nilipata mafua, yakaisha, ila kikohozi kikabaki. Sasa ni wiki ya sita. Ni kikavu, hakitoi makohozi, koo linakereketa, na kinanibana zaidi usiku nikilala, au nikicheka, au nikiongea sana na wateja. Nimekunywa tangawizi na ndimu mpaka tumbo linawaka. Nimemaliza chupa tatu za dawa ya kifua na dozi moja ya antibayotiki. Dawa nyingine ninayotumia ni ya presha tu, nilianza mwezi wa tano. Mama mkwe anasema hiki ni kimeo, nikakatwe. Naomba unifundishe dawa za nyumbani zinazofanya kazi kweli. Na mjukuu wangu wa miezi minane naye ameanza kukohoa, nampa asali kidogo. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na usiku wa kukaa kitandani umeshika kifua. Mjukuu umemweka mwishoni, lakini nitaanza naye kwa sababu ndiye mwenye haraka.

Asali acha leo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulambishwa kidoleni, hata ya nyuki wadogo, hata ile iliyotoka Tabora kwa mtu unayemwamini. Shida yake haitokani na uchafu wala uchakachuaji. Asali safi kabisa inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kwetu watu wazima mbegu hizo hupita tumboni zikaenda zao. Kwa mtoto mchanga, ambaye utumbo wake haujakomaa, zinaweza kuchipua humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha hakusaidii, kwani mbegu hizo hustahimili maji yanayotokota. Ugonjwa wenyewe ni nadra na pengine mjukuu wako hana lolote, ila kwa wiki chache zijazo mwangalie: akikosa choo, akilia kwa sauti dhaifu, akinyonya bila nguvu, kope zikishuka au shingo ikilegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba alipewa asali. Usione haya kulisema. Daktari asipoambiwa atatafuta kila kitu isipokuwa hicho.

Kikohozi chake sasa. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, tumia saa ya simu. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani anapovuta hewa, ni dalili ya nimonia na hapo hapana mjadala wa dawa za nyumbani. Kama hana hayo, anacheka na ananyonya, mama yake aendelee kumnyonyesha mara nyingi na pua isafishwe kabla ya kunyonya. Kisha chukua kadi yake ya kliniki. Anapaswa kuwa amechomwa chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo ndani yake mna kinga ya kifaduro. Nakuuliza hilo kwa sababu yako wewe. Kifaduro kwa mtu mzima mara nyingi hakina ule mlio wa kuvuta pumzi kama jogoo. Ni kikohozi kikavu kisichoisha wiki kwa wiki, na mtu mzima huyo ndiye anayempelekea mtoto wa nyumbani. Kadi ikiwa na pengo, kajazeni wiki hii.

Nikirudi kwako: swali lako ni dawa za nyumbani, na nitakupa. Lakini umevuka mstari mmoja ambao siwezi kuuruka. Tanzania, mtu yeyote anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi anapimwa kifua kikuu. Wewe uko wiki ya 6. Sisemi unacho. Mtu asiye na homa za jioni, asiyetoka jasho la kulowesha shuka usiku, asiyepungua uzito, uwezekano wake ni mdogo. Lakini mdogo si sifuri, nyumbani una mtoto wa chini ya miaka 5, na kifua kikuu cha mtu mzima huwaumiza kwanza watoto wa namna hiyo. Kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi hata hizo wiki 2 hazisubiriwi. Akikohoa tu, anachunguzwa.

Najua utaniambia huna makohozi ya kupeleka. Kila siku kwenye dirisha la famasi yangu nasikia hilo: “Changu ni kikavu, kwa hiyo si TB.” Kifua kikuu mwanzoni kinaweza kuwa kikavu vilevile. Ukiamka, kabla ya kula, sukutua mdomo kwa maji, toka nje penye hewa, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua, wala si kule kukwangua koo. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Kikikataa kabisa, kuna picha ya eksirei. Sampuli huwekwa kwenye mashine iitwayo GeneXpert, ambayo yenyewe huchukua kama saa 2 kutoa jibu. Kupima na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Una hospitali ya Amana hapo Ilala, na vituo vya afya vya karibu vinapokea sampuli. Na kwa kuwa Watanzania tunapenda kujua mambo ya kwetu: Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna panya buku waliofundishwa kunusa makohozi yenye vijidudu hivyo. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa kama dakika 20. Nikiwaambia wateja huwa wanacheka, halafu wanakubali kwenda kupima.

Sasa tuseme kipimo kimetoka safi. Kwa nini unakohoa bado wakati mafua yalishaondoka?

Koo na njia za hewa zimetandazwa mishipa midogo ya fahamu ambayo kazi yake ni kulinda mlango. Punje ya chakula ikikosea njia, mishipa hiyo inapiga kelele na wewe unakohoa. Virusi vya mafua huikwangua ngozi laini ya ndani, na mishipa hiyo inabaki uchi, ina hasira. Virusi wameondoka, lakini mlinzi bado anapiga filimbi kila akiona paka. Ndiyo maana kicheko, hewa ya baridi, harufu ya mafuta, maneno mengi, vitu ambavyo zamani havikukugusa, sasa vinakuamsha. Na kila ukikohoa unajikwaruza upya, basi kesho unakohoa kwa sababu ya kukohoa jana.

Kikohozi cha mafua hudumu kwa wastani siku 18 hivi. Watu wengi hutegemea kiishe ndani ya wiki moja. Hapo katikati, kati ya siku ya 7 na ya 18, ndipo biashara yote ya dawa za kifua inapofanyika Dar es Salaam, pamoja na yangu. Mtu anakunywa dawa ya kwanza siku ya 8, haimponyi. Anabadilisha siku ya 11, hola. Siku ya 15 jirani anamletea kitunguu saumu na asali, siku ya 18 kikohozi kinaondoka, na kitunguu saumu kinapata sifa mtaa mzima. Kikohozi kilikuwa na tarehe yake ya kuondoka. Weka jambo hili kichwani, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila ushuhuda utakaousikia, wa mitishamba, wa antibayotiki, na wa kimeo ambao nitaufikia.

Wengine hukohoa zaidi ya hapo, mpaka wiki 8, bila ugonjwa mwingine wowote. Kwa hiyo wiki yako ya 6 bado inaweza kuwa mabaki ya mafua ya Juni. Ila barua yako ina mambo mengine matatu yanayonifanya nisiishie hapo. Kwanza nikupe ulichoomba.

Asali ndiyo dawa ya nyumbani ninayoitetea bila kusita, kwa mtu aliyezidi mwaka mmoja. Mwaka 2019 Waingereza waliiingiza kwenye mwongozo wao rasmi wa matibabu ya kikohozi kama jambo la kujaribu kabla ya antibayotiki, kwa hiyo si habari ya bibi zetu peke yao. Inafunika koo kwa utando mzito, na utamu wake wenyewe unaamsha mate na kutuliza ile hamu ya kukohoa. Kwa wewe: vijiko viwili vya chai, vitupu, dakika chache kabla ya kulala, uviache vishuke taratibu, usifuatishie maji. Watu wengi wanaikosea hapo. Wanaitia kijiko kimoja katika kikombe kikubwa cha maji, wanakunywa kwa mkupuo mmoja, halafu wanasema asali haifanyi kazi. Usiku kikikuamsha, rudia kijiko kimoja. Kama sukari yako iko juu, niambie kwanza. Asali ni sukari, hata ikiitwa dawa.

Ya wapi? Hapa mjini kila chupa inaitwa “ya Tabora”. Utaambiwa uchovye kijiti cha kiberiti ukiwashe, au umwage tone kwenye glasi ya maji uone kama litashuka zima, au uangalie kama sisimizi wanaikimbia. Vipimo hivyo havikuambii kitu cha maana. Sukari guru iliyopikwa ikawa nzito nayo inaweza kuifaulu mitihani hiyo. Nunua kwa mtu ambaye wiki ijayo utamkuta palepale. Na nikwambie ukweli usiouzwa: kwa kulainisha koo peke yake, hata hiyo ya kughushi itakusaidia kiasi, kwa sababu uzito na utamu inao. Utakuwa umeibiwa pesa tu.

Tangawizi ninaipenda, lakini wewe umeizidisha. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha kwa vikombe viwili. Kikate vipande vyembamba, usikitwange, chemsha dakika 10, chuja, subiri mpaka uweze kunywa bila kupuliza, kisha tia asali. Wapo wanaosema asali ikiguswa na moto inageuka sumu. Haigeuki, harufu yake nzuri tu ndiyo inayopotea. Vikombe viwili kwa siku vinatosha, na kisiwe kimoja cha usiku wa manane. Ndimu iache kwa sasa. Tumbo linalowaka linasema kitu, na nitalirudia.

Chumvi: nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua kooni kwa kuinua kichwa na kutoa sauti, tema. Asubuhi na jioni. Usimeze, kwa sababu ya presha yako. Mate ya kamasi yaliyoganda nyuma ya koo ndiyo yanayokereketa watu wengi usiku, na hii inayaondoa kwa bei ya bure.

Karafuu moja ya kutafuna, au hata kuiweka shavuni tu, hufanya koo life ganzi kidogo. Ndani yake mna mafuta ambayo madaktari wa meno wameyatumia miaka mingi kwa ajili hiyohiyo. Inafaa sana kwako pale unapohudumia wateja na hamu ya kukohoa inakuja. Moja, siyo kiganja. Majani ya mpera ya kuchemsha, mchaichai, mdalasini: vinywaji vizuri, vya moto, havina ubaya, na umoto wenyewe unasaidia. Sitakudanganya kwamba jani hili linashinda lile.

Nyungu je? Tangu korona ya 2020 kila nyumba ina mtaalamu wa kujifukiza. Mvuke unafungua pua na kuleta faraja, basi. Haufiki ndani ya mapafu kuua kitu. Kama unaipenda, weka bakuli la maji ya moto mezani, kaa kwenye kiti, inama kwa mbali bila kujifunika blanketi zito, na mtoto asiwepo chumbani. Maji ya nyungu huunguza watoto. Majani ya mkaratusi yenye harufu kali yanaweza hata kukuzidishia kikohozi kama una pumu iliyojificha.

Kuna na dawa isiyo na jani wala kijiko. Ukihisi kikohozi kinapanda, kabla hakijatoka, funga mdomo, meza mate, kisha vuta hewa polepole kwa pua na uitoe polepole, mara 4 au 5. Kunywa funda dogo la maji. Mara ya kwanza utashindwa na utakohoa, usijali. Unamfundisha yule mlinzi kuacha kupiga filimbi, na kila kikohozi unachokizuia ni mkwaruzo mmoja umepungua. Baada ya siku tatu nne wengi wanaona tofauti.

Hayo yote yanatuliza. Hakuna hata moja kati yake linaloondoa chanzo, na chanzo chako nakitafuta katika yale mambo matatu.

La kwanza ni hiyo dawa ya presha ya mwezi wa tano. Ulipoiandika kwa kupita tu, mimi nilisimama hapo. Toa boksi lake sasa hivi, soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo, chini ya jina la biashara. Likiishia na “-pril”, kama captopril, enalapril au lisinopril, tumepata mtuhumiwa mkubwa. Kundi hilo ni dawa nzuri, limeokoa mioyo na figo za watu wengi, lakini lina tabia moja: kati ya kila watu 100 wanaolitumia, kadiri ya 10 hivi, na kwa makadirio mengine zaidi, wanapata kikohozi kikavu cha kukereketa koo, nacho huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Dawa hizo huzuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kupandisha presha, kazi yake nyingine ni kusafisha kemikali fulani njiani mwa hewa. Kemikali hiyo isiposafishwa inalundikana na kuwachokoza wale walinzi niliokueleza. Kinaweza kuanza wiki ya kwanza, kinaweza kusubiri miezi. Na mara nyingi mafua ndiyo yanayofungua mlango, kisha dawa inauweka wazi.

Kwa kikohozi cha aina hiyo hata ukinywa pipa la asali hutapona. Nimewahi kuuza dawa za kifua kwa mzee mmoja karibu miezi mitatu, nikimbadilishia chupa kila akija, kabla sijamuuliza swali la kijinga kabisa: “Mzee, unatumia dawa gani nyingine?” Nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza. Tangu hapo sitoi dawa ya kikohozi kabla ya kuliuliza.

Lakini nisikilize vizuri: usiiache mwenyewe. Presha iliyoachwa bila dawa haikohoi, inanyamaza tu mpaka siku inapoleta kiharusi. Rudi kwa aliyekuandikia, mwonyeshe boksi, mwambie “nimekohoa wiki sita, na dawa hii nilianza kuitumia mwezi wa tano.” Kuna kundi la jirani yake, majina yake yanaishia na “-sartan”, losartan ndiyo inayopatikana kila mahali, linashusha presha bila kuleta kikohozi hicho kwa wengi. Akikubadilishia, usitegemee kupona kesho yake. Huchukua wiki 1 mpaka 4, mara chache miezi 3. Kama jina halina “-pril”, basi tumemwachia huru, tuendelee.

La pili ni jiko. Vitumbua vya saa kumi na moja alfajiri maana yake jiko la mkaa linawashwa saa kumi, na wakati huo wengi huwasha ndani au kwenye kibaraza kilichozibwa kwa mabati. Mkaa unapoanza kushika, kabla haujawa mwekundu, ndipo unapotoa moshi mbaya zaidi. Washa nje kabisa, simama upande upepo unakotoka, ingiza jiko ukishaona makaa yamekolea. Mafuta yakianza kutoa moshi umeyazidishia moto, na moshi huo wa mafuta nao unakereketa koo. Najua serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameihamia ifikapo 2034, na najua vilevile mtungi wa gesi kwa mpika vitumbua si shilingi ya kuokota. Kwa hiyo sikwambii kahame kesho. Nakwambia usogee mita tatu.

Halafu chumbani. Unachoma dawa ya mbu ya kuzunguka, ile ya kijani? Watafiti waliopima koili za China na Malaysia mwaka 2003 walikuta koili moja inatoa vumbi laini sawa na la sigara 75 mpaka 137. Mtu havuti sigara maisha yake yote, lakini analala na pakiti kadhaa chini ya kitanda. Tumia chandarua. Udi na ubani wa Alhamisi jioni subirishe mpaka upone. Najua nyumba bila harufu hiyo inaonekana kama haina mwenyewe, lakini koo lako sasa halina subira nao. Kama ukuta una ukungu mweusi tangu masika, ufute na ufungue madirisha mchana.

La tatu ni tumbo linalowaka. Asidi ya tumboni ikipanda usiku mpaka kooni inaleta kikohozi kikavu unapolala, pengine hata bila kiungulia. Wewe umeongeza tangawizi kali na ndimu juu yake. Kula cha usiku angalau saa 3 kabla ya kulala, punguza pilipili na vya kukaanga jioni, najua vitumbua vilivyobaki vinaita, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa tofali za kimo cha sentimita 15 hivi. Mito miwili haitoshi, inakukunja tumbo tu. Jaribu wiki mbili.

Nje ya hayo matatu, kicheko kinachoishia kwa kikohozi, na kikohozi cha usiku, vinaweza pia kuwa pumu ambayo haijawahi kupiga filimbi. Daktari ataijua kwa kukupulizisha kwenye kipimo. Sitaki kukutisha kwa orodha, namwachia yeye.

Mama mkwe, kwa heshima zake zote, amekosea. Kimeo, au kidakatonge, ni kinyama halali cha mwili. Unapomeza, pamoja na kaakaa laini, kinasaidia kuziba njia ya puani chakula kisipande huko, na kinalainisha koo. Mtu akikohoa wiki nyingi, kinavimba na kuonekana kirefu, ukimulika tochi unakiona kimelala juu ya ulimi, na fundi anakwambia “si unakiona mwenyewe?” Kuvimba kumeletwa na kikohozi. Wanaokatwa na kupona ni wale ambao kikohozi chao kilikuwa karibu kuondoka, unakumbuka ile habari ya siku 18. Wasiopona hawasimuliwi. Na wapo wanaoletwa hospitali wakivuja damu isiyokata, wengine na pepopunda au usaha kooni, hasa watoto. Kisu kimoja hupita kwenye makoo mangapi kwa siku? Wewe hutakatwa, na mjukuu asikatwe hata akikohoa mwezi. Mwambie mama mkwe kwamba mfamasia amesema tupime kwanza, lawama nibebe mimi.

Chupa zako tatu. Dawa nyingi za kifua zilizo kaunta zina mchanganyiko wa dawa ya mzio inayoleta usingizi, sukari, na wakati mwingine kitu cha kuzibua pua. Hicho cha kuzibua pua kinapandisha presha, kwa hiyo kila unapoomba dawa ya mafua, taja presha kabla hujalipa. Zenye kodeini asipewe mtoto wa chini ya miaka 12. Antibayotiki uliyomaliza haikuwa na kazi ya kufanya kama kilikuwa kikohozi cha mafua, kwa kuwa haiui virusi; usirudie nyingine. Na yule jirani, kila mtaa anaye, atakayekushauri kijiko cha mafuta ya taa: yakikosea njia tone moja likaingia mapafuni, yanachoma mapafu yenyewe.

Usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo, ukikohoa damu hata ya uzi, ukikosa pumzi ukipanda ngazi, kifua kikiuma, miguu ikivimba au homa ikirudi.

Vinginevyo, kesho alfajiri wapumzishe wateja siku moja. Usinywe chai kabla ya kutoa makohozi ya kipimo. Beba boksi la dawa ya presha, siyo kikaratasi chenye vidonge viwili, boksi zima. Beba na kadi ya mjukuu. Jioni nitumie jina lililoandikwa kwa zile herufi ndogo, maana mimi mpaka sasa ninalibahatisha tu.